Tope Halijui Fowili

Masika yakianza, kila kijiwe cha madereva hupata wataalamu wake. Bila shaka umewasikia. Yupo aliyevuka mto uliofurika kwa sababu "gari lilikuwa la dizeli". Yupo aliyejinasua kwenye tope la kiunoni kwa kukanyaga mafuta mpaka chini, na yupo ambaye shemeji yake alifunga snokeli akapita kusikopitika. Siku hizi kwadi, yaani zile pikipiki za magurudumu manne, zimezagaa kuanzia fukwe za Diani na Nungwi hadi viunga vya Arusha na kingo za Nile kule Jinja, na hadithi zilezile zimehamia huko zikiwa zimeongezwa chumvi. Baadhi ni za kweli kabisa. Baadhi zimeua watu. Tuzipange mstari tuzipime, hukumu kwanza, sababu baadaye.

"Chombo chenye fowili hakikwami"

UONGO. Hakuna imani iliyowalaza watu wengi porini kuliko hii.

Fowili, yaani injini kuendesha magurudumu yote manne, haikuletei mshiko. Inaongeza tu idadi ya magurudumu yanayoutafuta, na kama mshiko haupo, yote manne yatautafuta bure. Isitoshe, mara nyingi hayo manne hata si manne. Kwenye kila ekseli ya gari la fowili kuna difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti unapokata kona. Bila difu, tairi zingeburuzika kila mara unapogeuza usukani. Ubaya wake ni kwamba difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa, na kiasi cha kugawa kinaamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Likining'inia hewani, au likikaa kwenye utelezi, halihitaji nguvu yoyote kuzunguka. Basi na mwenzake aliyekanyaga ardhi ngumu anapewa hiyohiyo, yaani hapewi kitu. Ndiyo maana unaweza kuikuta Land Cruiser imekwama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, pande zinazopishana, yakizunguka kwa fujo na kurusha tope, huku mawili mengine yametulia tuli. Dereva anakanyaga mafuta, utingo anasukuma, na fowili imewashwa muda wote.

Dawa yake ni kufunga difu, na hapa kwadi ina nafuu kuliko magari mengi. Kwadi nyingi za kazi zina ekseli ya nyuma isiyo na difu inayofanya kazi: magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, utake usitake. Mbele ndiko kuna tofauti. Mashine nyingine zinashirikisha magurudumu ya mbele zenyewe pale ya nyuma yanapoanza kuteleza. Nyingine zina swichi ya hatua tatu, magurudumu mawili, manne, na manne huku difu ya mbele imefungwa. Ukishafunga ya mbele usukani unakuwa mzito na chombo kinataka kwenda moja kwa moja, kwa hiyo si kitu cha kuacha kimefungwa siku nzima. Ila kifunge kabla hujaingia kwenye tope. Wengi hukumbuka swichi wakati chombo kimeshakalia tumbo, na hapo haisaidii tena, kwa sababu uzito unabebwa na bamba la chini, si na tairi. Tairi isiyobeba uzito haina mshiko, hata uifunge vipi.

Na kwa kuwa tumeshafika hapa: fowili haina msaada wowote kwenye kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata kile kigari cha jirani yako kinachoendeshwa na magurudumu mawili tu.

"Kwadi ina miguu minne, kwa hiyo haipinduki"

UONGO, na hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Hadithi hii ina asili yake. Zile za mwanzo zilizouzwa na Honda tangu mwaka 1970 zilikuwa na magurudumu matatu, na zilipinduka kwa urahisi wa kutisha. Suzuki ikaleta ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, Honda ikatoa yenye fowili mwaka 1986, na mwaka 1988 watengenezaji wakubwa wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mpya za magurudumu matatu. Watu wakahitimisha kwamba tatizo limeisha. Halikuisha. Australia, ambako kwadi ni chombo cha kila siku cha mfugaji, vifo vya watu waliolaliwa na mashine zao viliendelea hadi serikali ikaweka sheria: tangu Oktoba 2021, kila kwadi mpya ya kazi inayouzwa nchini humo lazima iwe na kinga ya kumkinga dereva chombo kikipinduka.

Sababu unaiona ukiitazama tu kwadi kwa nyuma. Ni fupi, ni nyembamba, imeinuka ili ipite juu ya mawe na visiki, na dereva ameketi juu yake akiongeza urefu. Kwenye tope hatari inakuja kwa njia mbili. Kwanza ni korongo la matairi: gurudumu moja linatumbukia kwenye mfuo wa kina, upande mmoja unashuka ghafla. Pili ni kupanda kingo baada ya kuvuka mto. Tairi za mbele ziko juu, za nyuma bado ziko chini kwenye tope, unaongeza mafuta, za nyuma zinapata mshiko kwa mkupuo, na mashine yenye kilo 300 hivi inasimama kwa miguu ya nyuma na kukuangukia. Dawa ni kuinuka kwenye kiti na kuegemea mbele, na kuongeza mafuta taratibu.

Kiti chenyewe ni kirefu kwa sababu hiyohiyo. Kwenye kwadi nyingi ule urefu umewekwa ili dereva asogee mbele na nyuma kuhamisha uzito. Haukuwekwa kwa ajili ya abiria. Mwenye kukodisha akikwambia "pakia na shemeji hapo nyuma", muulize kama mashine hiyo imeundwa kwa watu wawili. Zipo, lakini si zote.

"Ukiona inakwama, kanyaga mafuta mpaka chini"

UONGO, kasoro sehemu moja ndogo.

Tairi inayozunguka bila kusogea inachimba. Kila sekunde unayokanyaga, unajishusha mwenyewe. Ule moshi na makelele ya injini vinampa dereva hisia kwamba kuna kazi inafanyika, na kweli inafanyika: ni ya kuchimba shimo. Gia ndogo na mafuta ya wastani yasiyobadilikabadilika ndiyo huvusha.

Ile sehemu ndogo ni hii. Tairi za tope zina meno makubwa yaliyoachana, na meno hayo yakijaa udongo yanakuwa bapa. Kuongeza mzunguko kidogo kwa muda mfupi, huku chombo bado kinasogea, kunarusha udongo na kuyaacha meno wazi. Kupeleka usukani kushoto na kulia kidogo kidogo nako kunasaidia, kwa sababu meno ya pembeni hupata ukuta mpya wa kung'ata. Ila chombo kikishasimama, ondoa kidole kwenye mafuta. Jaribu kurudi nyuma kwenye njia uliyojia, ambayo tayari imeshindiliwa. Ikishindikana, shuka.

"Tope ni tope, likupate popote"

UONGO, na wazee wamelijua hilo kabla gari la kwanza halijafika.

Wakulima wa Usukumani hawaiti udongo wote kwa jina moja. Luseni ni ule mwepesi wa kichanga. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni. Kwa mkulima tofauti hiyo inaamua apande nini. Kwa dereva inaamua alale wapi. Kwenye udongo wa kichanga mvua inapenya chini na njia inabaki imara. Udongo mweusi, ambao wataalamu wa udongo huuita vertisoli na madereva wa Kenya wanaulaani kwa jina la bleki kotoni, una chembe za mfinyanzi zinazovimba zikinywa maji na kusinyaa zikikauka. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ikinyesha kidogo, ngozi ya juu inakuwa utelezi ilhali chini ni pakavu, na gari linatembea ubavu kama halina dereva. Ikinyesha siku nzima, hautelezi tena bali unanata.

Kunata kwenyewe ni kwa namna ya pekee. Unajaza meno ya tairi, kisha unajijenga juu yake tabaka kwa tabaka kila gurudumu linapozunguka, mpaka unagusa madigadi. Kwenye kwadi, ambayo nafasi kati ya tairi na plastiki ni ndogo, unaweza kufika mahali gurudumu halizunguki kabisa hata kama injini ina nguvu. Hapo hakuna ujanja wa dereva. Kuna kijiti, kuna mikono, na kuna matusi ya chinichini.

Cheni za tairi zinasaidia sana kwenye udongo huu. Lakini dawa bora ya mbuga ni ile ya mzee wa kijijini: subiri jua lipige. Saa chache za jua na upepo zinarudisha ukoko juu. Mzee anayekwambia usubiri hakutishi. Anakupa ushauri wa kitaalamu bila kudai malipo.

"Tairi nene ndiyo mpango mzima"

INATEGEMEA kuna nini chini.

Kama chini ya tope kuna ardhi ngumu, sentimita 10 au 20 hivi, tairi nyembamba ni bora. Inakata tope, inafika chini, inashika. Land Rover za zamani zilizozunguka nchi hizi zilikuwa na tairi nyembamba, na wala haikuwa kwa sababu ya umaskini. Kama chini hakuna mwisho, kama vile kinamasi au mchanga wa pwani, unataka tairi pana inayoelea juu bila kuzama. Kwadi imezaliwa na tairi pana laini, kwa hiyo inapita juu ya vinamasi ambavyo gari lingezikwa. Ila kwenye njia yenye mfuo wa malori, upana huohuo unaifanya iburuze kingo za mfuo pande zote mbili.

"Punguza upepo utatoka"

KWELI, hasa kwenye mchanga; kwenye tope ni kweli kwa kiasi.

Tairi iliyolegea inalala chini kwa eneo kubwa zaidi, na uzito uleule unasambaa. Gari linalotembea na upepo wa psi 30 na kitu likishushwa hadi 18 au 15 litapita mchanga ambao dakika tano kabla lilikuwa linauchimba. Lakini usijaribu kuhamishia hesabu hizo kwenye kwadi. Tairi zake hufanya kazi na upepo wa takriban 5 hadi 7 tu, mdogo kiasi kwamba geji ya kawaida ya gereji haiwezi hata kuusoma vizuri. Ukiupunguza zaidi, tairi itachomoka kwenye rimu kona ya kwanza. Kuna vijana wanaofanya kinyume: wanajaza kwadi upepo wa bodaboda "ili iwe nyepesi". Mashine inaruka kila jiwe, na tairi ya namna hiyo inaweza kupasuka ukiwa umeikalia.

"Ukifunga snokeli, chombo kinakuwa boti"

UONGO. Snokeli ni pua tu, na chombo kina matundu mengine mengi.

Tuanze na inachofanya kweli. Injini inavuta hewa. Mdomo wa kuvutia ukizama, inavuta maji, na maji hayakandamiziki. Pistoni inapanda kwa kasi, inakuta silinda imejaa kitu kisichokubali kubanwa, na kwa kuwa lazima kitu kimoja kishindwe, kinachoshindwa ni konrodi, ile rodi inayoiunganisha pistoni na kranki shafti. Inapinda, au inavunjika na kutoboa ubavu wa injini. Hayo yote hutokea ndani ya sekunde moja. Kupandisha mdomo wa hewa juu kunaondoa hatari hiyo, na kwa magari yetu ya utalii kuna faida nyingine isiyosemwa sana: juu kule vumbi ni pungufu, kwa hiyo kichujio kinadumu.

Sasa matundu mengine. Difu na gia boksi zina vijibomba vya kupumulia. Umeendesha saa mbili juani, difu imechemka, hewa ndani yake imetanuka. Unaingia mtoni. Chuma kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Ikiwa kijibomba chake kiko chini ya maji, au sili imechoka, inavuta mto. Wanaojua hurefusha vijibomba hivyo hadi juu kabla hata ya kufikiria snokeli.

Kwadi ina tundu la tatu, na ndilo linalowaumbua wengi. Nyingi hazina gia za kawaida. Zina mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili ndani ya kasha, na kasha hilo lina njia zake za kuingiza na kutoa hewa ya kupozea. Maji yakiingia humo mkanda unateleza. Injini inaunguruma vizuri kabisa, na wewe umesimama katikati ya mto. Likikupata hilo, toka majini kwa kusukumwa, fungua kizibo cha chini ya kasha maji yatoke, weka gia huru, kisha unguruma kidogo ili puli zirushe yaliyobaki. Snokeli iliyofungwa kwenye injini peke yake, bila kuligusa kasha la mkanda, ni pambo.

Vitabu vya watengenezaji wengi wa kwadi vinaweka kikomo kilekile, na unaweza kukikumbuka bila kupima: maji yasizidi sehemu ya kukanyagia miguu. Kwa magari, kila moja lina kikomo chake. Land Rover Defender ya zamani ilipewa sentimita 50. Ile mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2020 inafika 90. Tofauti hiyo haikuletwa na snokeli.

"Bomba la moshi likizama tu, injini inazima"

UONGO kwa sehemu kubwa. Maji ya nusu mita yanasukuma kwa nguvu ndogo, kama asilimia 5 hivi ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Injini inayounguruma inatoa moshi kwa nguvu inayoyashinda maji hayo bila taabu, ndiyo maana unaona mapovu nyuma ya gari. Ukweli wa hadithi hii uko kwenye kuzima. Injini ikizimika mkondoni, bomba linajaa, na kuiwasha tena hapohapo ni kucheza bahati nasibu. Kwa hiyo usiachie mafuta na usibadilishe gia katikati.

"Dizeli haiogopi maji"

NUSU KWELI. Dizeli haina plagi za kutoa cheche, kwa hiyo zile enzi ambapo gari la petroli lilizimika kwa sababu ya unyevu kwenye nyaya, la dizeli lilipita likipiga honi. Hapo sifa ilikuwa halali. Lakini likivuta maji puani, dizeli ndiyo inayoumia zaidi. Injini ya 1HZ, ile iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za utalii, inabana hewa zaidi ya mara 20. Ya petroli ya kawaida inabana mara 10 hivi. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na maji machache tu yanatosha kuijaza. Ongeza na kompyuta za dizeli za kisasa, na ile sifa ya zamani inabaki kuwa simulizi.

"Funika mbele kwa turubai, legeza fenibelti"

KWELI, kwa gari la wazee. Feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini ikikutana na maji inayapiga na kuyarusha juu ya nyaya, na mapanga yake yanaweza kupinda mbele hadi kutoboa rejeta. Kuondoa mkanda wake kulizuia yote mawili. Turubai linazuia maji kuingia mbele kwa mkupuo, na ukienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, linasukuma wimbi dogo linaloacha bonde nyuma yake, pale injini ilipo. Turubai bado linafanya kazi hata leo. Mkanda wa magari ya kisasa, unaoendesha pia pampu ya maji na usukani, uache.

"Gari zito halichukuliwi na maji"

UONGO, na hapa sina mzaha.

Gari ni boksi lenye hewa ndani. Chukua dogo la mita 4 kwa mita 1.7. Maji yakishafika sakafuni, kila sentimita 10 zinazoongezeka zinalinyanyua kwa nguvu ya karibu kilo 700, kabla maji hayajapata muda wa kuingia ndani. Halihitaji kuelea lote. Likipungua uzito nusu, tairi zinapoteza mshiko na mkondo unafanya kazi iliyobaki. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani imewaonya watu kwa miaka mingi kwa hesabu hizi: sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kubeba gari dogo, na 60 zinaweza kubeba magari mengi, yakiwemo yale marefu ya fowili. Nguvu ya mkondo nayo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililojaa wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, nchini Kenya, maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine wengi walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi ni zito kuliko chochote utakachoendesha wewe.

Kwadi ndiyo kabisa. Zile tairi kubwa zilizojaa hewa ni maboya manne, zinaweza kubeba peke yake sehemu kubwa ya uzito wa mashine. Kwenye bwawa lililotulia utahisi inaelea na usukani hauitiki; kwenye mkondo itageuka ubavu na kukumwaga. Ukitaka chombo cha kuelea, kuna vile vya magurudumu sita au manane vilivyotengenezwa Kanada tangu miaka ya 1960, mwili wake ni beseni lililozibwa. Hata hivyo vinaogopa mto wenye kasi.

"Shuka kwanza, uyapime kwa miguu"

KWELI KABISA. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hawakusema uyavulie bila kuyatazama.

Tazama wanavyofanya wanaolipwa sifa kwa kazi hii. Kenya, tangu mwaka 1989, kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyochangisha fedha za uzio wa msitu wa Aberdare. Magari yake yamejengwa kwa ajili ya kupita pasipo na njia, yana winchi na difu za kufungwa, na bado timu zinapeleka wakimbiaji watangulie kwa miguu porini kutafuta pa kupita. Watu wenye vyombo bora kuliko chako wanatanguliza macho na miguu.

Tembea kwa fimbo ndefu, ukipapasa mawe na mashimo, na uchague pa kutokea kabla ya pa kuingilia. Ila akili ya mahali inatangulia. Ukanda wa mto Grumeti hutembei majini, kwa sababu wenyeji wa humo wana meno. Maji yaliyotulia kando ya Ziwa Victoria yana kichocho. Na kama kina au kasi vinakutisha kutembea, umeshapata jibu lako; huna haja ya kulitafuta kwa chombo.

"Weka matawi chini ya tairi"

KWELI. Matawi, mawe, magunia, hata mazulia ya gari. Cha muhimu ni kuyaweka chini ya tairi, si mbele yake. Kwenye gari unahitaji jeki na ubao wa kuikalisha. Kwenye kwadi watu wawili wanaweza kunyanyua upande mmoja huku wa tatu akijaza shimo, na hapo ndipo wepesi wake unapolipa. Ukivuta kwa winchi, funga ukanda mpana kwenye mti usiuchune gome, tupia koti au gunia zito juu ya waya, na waondoe watazamaji wote kwenye mstari wake. Waya ukikatika haumchagui mtu.

"Ukishavuka salama, mambo yamekwisha"

UONGO. Breki zilizolowa hazishiki vizuri, kwa hiyo endesha taratibu mita chache ukizigusa gusa mpaka zirudi. Bandua tope kwenye rejeta kwa maji ya nguvu ndogo, maana lililokaukia hapo litachemsha injini kesho ukiwa umeshasahau safari. Usiioshee mashine mtoni. Grisi na mafuta yako yanakwenda kwa wanaochota maji chini.

Kisha mafuta. Kama ulizama kuliko ulivyokusudia, usiondoke kwa furaha. Fundi anayejua kazi atalegeza nati ya chini ya difu, polepole, na kutazama kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo chombo kikiwa kimekaa usiku kucha yanatangulia yenyewe, matone machache ya wazi. Kama ulikiendesha kabla, yameshachanganyika, na yanayotoka yana rangi ya chai ya maziwa. Angalia na kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Rangi ikiwa hiyo, usiwashe. Na injini iliyokwisha kuvuta maji usiilazimishe kwa stata: chomoa plagi, izungushe ili maji yarukie nje, ndipo ubadilishe mafuta. Mwaga yote, weka mapya, unguruma kwa dakika chache, kisha mwaga na hayo. Mara moja kwa kawaida haitoshi.